Maharage ya Sukari ya Mama Tanabe

Mke wangu Akello si mtu wa kulia ovyo, kwa hiyo Jumamosi ile alipopiga ukelele wa msiba jikoni, majirani walifika kabla sijamaliza kufunga vifungo vya shati. Wa kwanza alikuwa mwenyekiti wa mtaa, bado ana povu la dawa ya meno mdomoni, kisha wanawake wawili wa nyumba ya juu na mkungu wa matoke, kisha fundi redio na viti vya plastiki. Upande wetu huu wa Nakawa, hapa Kampala, mtu akilia namna ile watu hawaanzi na maswali, wanaanza na viti. Nilimkuta Akello amekaa sakafuni, simu mapajani. Binti wa Mama Tanabe alikuwa ametuma ujumbe kwamba mama yake amefariki, kwa amani, baada ya kunywa chai yake ya asubuhi. Mwenyekiti alivua kofia. "Pole sana, mzee wangu. Sasa maiti iko wapi? Tunafunga tenti leo ama kesho?" Nikamwambia maiti iko Japani. Akaangalia viti, akaangalia matoke ambayo wanawake walikuwa wameshaanza kuyamenya. "Bambi, poleni. Na huyo mama alikuwa nani yenu?" Akello akajibu kutoka sakafuni kwamba alikuwa jirani. "Jirani ya wapi?" "Ya huko huko." Wakatazamana. Lakini msiba ni msiba, na matoke yaliyokwisha menywa hayarudi kwenye ganda, basi watu walikaa mpaka jioni wakimlilia bibi wa Kijapani ambaye hakuna aliyeweza kulitamka jina lake vizuri. Kila aliyeingia aliuliza swali lile lile la mwenyekiti, alikuwa nani yenu, na kila mara nilianza kujibu, nikakwama. Najibu hapa basi, ambapo hakuna anayenikatiza kuniomba nisogeze kiti.

Tulikuwa na ndoa ya wiki chache tu tulipofika Japani. Akello alikuwa amepata ufadhili wa kusomea udongo, na mimi nilikuwa nimepata Akello. Kazi yangu ilikuwa kuuza magari katika yadi moja hapa Nakawa, yale magari yaliyotumika yanayotoka Japani kupitia Mombasa, na kwa ajili hiyo nilijihesabu mtaalamu wa nchi ile. Nilishafungua milango mingi ya magari yao kuliko wao wenyewe. Chini ya viti vyao nilishaokota miavuli, soksi za watoto, karatasi za peremende, na redio zao zilinisalimu kila asubuhi nilipowasha injini. Ndani ya ndege nilimwambia Akello asiwe na wasiwasi, Wajapani mimi nawajua. Yeye alikuwa amesoma lugha yao miezi kadhaa na hakuwa na uhakika wa lolote. Mimi sikuwa nimesoma hata neno na uhakika nilikuwa nao tele. Akanitazama kwa jicho ambalo wakati huo nililiona la mapenzi. Siku hizi najua lilikuwa la huruma, ingawa yeye anasema hivyo vitu viwili kwa mtu kama mimi ni kimoja.

Kabla hatujaondoka tulikuwa tumewekeana jambo. Ufadhili ule ulikuwa wa mwaka mmoja, na profesa alikuwa amemwahidi kwamba akifanya kazi ya kumridhisha atampa nafasi ya kuendelea mpaka apate udaktari. Akello aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote duniani, nami nikiwemo katika hivyo vitu. Lakini viza yangu ilikuwa ya mtu aliyemfuata mwenzake, haikuniruhusu kuajiriwa, na bosi wangu wa yadi alikuwa amekubali kunishikia kazi kwa mwaka mmoja tu. Watu wa nyumbani nao walikuwa na maneno yao kuhusu mwanamume anayemfuata mke ng'ambo na sanduku mkononi. Basi tukakubaliana hivi: tutakaa mwaka, halafu neno la mwisho litakuwa langu. Nikisema tubaki, tunabaki. Nikisema turudi, tunarudi wote wawili, bila ugomvi. Aliniahidi hivyo Entebbe, kwenye foleni ya pasipoti, na Akello akishaahidi ameahidi. Kusema kweli wiki ya pili tu nilikuwa nimeshaamua. Nilikuwa nangoja mwaka uishe kwa adabu, niseme neno langu, tukapande ndege.

Chumba chetu kilikuwa cha kutandikwa mikeka, kidogo kiasi kwamba nikilala kichwa kilikuwa sebuleni na miguu ilikuwa karibu na jiko. Kitanda hakikuwepo. Asubuhi ulikunja godoro, ukalitia kabatini, na hapo hapo palipokuwa chumba cha kulala pakawa chumba cha kulia, na mchana, Akello akishaondoka kwenda maabara, pakawa mahali pa mimi kukaa na kuitazama meza. Meza yenyewe ilikuwa fupi, ya watu waliokaa chini, na wakati wa baridi ilikuwa na hita tumboni na blanketi juu yake, nikawa naingiza miguu humo asubuhi na kuitoa jioni. Kila mlango ulinigonga paji la uso. Bosi wangu alipopiga simu kuuliza nafanya kazi gani, nilimwambia niko kwenye utafiti. Akauliza utafiti wa nini, nikamwambia wa majengo. Na jioni Akello aliporudi tulikuwa tunakaa mezani sisi wawili tu, kitu ambacho kwetu hakuna aliyekizoea, maana katika kambi ya polisi tulikokulia sote wawili wanaume walikula huku na wanawake kule, na mtu akikosa la kusema alikuwepo mwingine wa kulisema. Hapa palikuwa kimya. Nilikuwa nasikia anavyotafuna. Naye nadhani alikuwa anasikia ninavyowaza nyumbani, kwa sababu kila nilipovuta pumzi ya kuanza kusema kitu, alishtuka kidogo, akashika kijiko vizuri, kama mtu anayesubiri sindano.

Wiki ya tatu mtu wa maabara alimwelekeza Akello kwamba mgeni akihamia mahali lazima aende kuwasalimia majirani na zawadi ndogo. Hatukuwa na zawadi ndogo. Tulikuwa na mtungi wa siagi ya karanga na simsim, yaani ufuta, ambao shangazi yangu aliusindikiza kutoka Gulu kama vile anaupeleka shule ya bweni, basi tukagawa kidogo katika kikopo, tukagonga mlango wa jirani. Alitoka mama mzee, mfupi, aproni ya maua, nywele nyeupe zilizochanwa vizuri. Jina nililisoma kwa msaada wa Akello kwenye sanduku la barua, Tanabe, na kwa kuwa kwetu mwanamke wa umri ule hawezi kuitwa jina kavu, papo hapo akawa Mama Tanabe. Akello alipiga magoti mlangoni kumsalimia, kama anavyowasalimia wakubwa wote. Mama Tanabe kuona hivyo, naye akapiga magoti ndani. Sasa mdogo hawezi kuinuka mkubwa akiwa chini, na huko kwao inaonekana mwenye nyumba hawezi kuinuka mgeni akiwa chini, basi wakabaki hapo wote wawili wakiinamiana na kutabasamu, na mimi nimesimama na kikopo cha karanga, mpaka nilipoamua kuinama kidogo nimkabidhi na nikagonga kichwa kwenye fremu ya mlango. Kelele ile ndiyo iliyowainua.

Siku iliyofuata aligonga yeye. Alinipa sahani ya bluu iliyofunikwa karatasi, akasema maneno mengi laini, akaondoka. Ndani kulikuwa na vidonge vinne vyeupe vya mchele uliopondwa, laini, vimenyunyiziwa unga. Akello hakuwepo. Nikauma kimoja. Katikati kulikuwa na maharage. Nilifurahi kwa muda wa kumeza mate, maana maharage ndiyo kitu nilichokuwa nimekikosa kuliko hata mama yangu. Halafu ulimi ukafika. Yalikuwa na sukari. Si sukari ya bahati mbaya. Yalikuwa na sukari ya kutosha sherehe ya ubatizo. Nilikaa chini. Nikafungua cha pili, sukari. Cha tatu, sukari. Nikamwona machoni pangu yule mama, peke yake jikoni, macho hayaoni vizuri, mkono umechukua kopo la sukari badala ya chumvi, hakuna mtu ndani ya nyumba wa kumwonjea na kumwambia. Sioni haya kusema kwamba machozi yalinilenga. Akello aliporudi nilimwonyesha. "Tazama hii. Huyu mama amechanganya chumvi na sukari, na hana mtu wa kumwambia." Akaonja kidogo, akanitazama, akaonja tena. "Sasa wewe utafanya nini?" "Sahani yake hapana kwenda tupu," nikamwambia. "Mimi nitampikia maharage ya kweli, aonje, akumbuke."

Mwanamume wa kambini hapiki, hilo linajulikana, lakini maharage si kupika. Maharage ni jambo tulilojifunza shuleni kama vile gwaride. Nilikwenda kwa muuza nafaka mzee wa pale mtaani, nikaonyesha kwa kidole, nikarudi na mfuko, nikaloweka, nikachemsha, nikakaanga kitunguu mpaka jengo zima likanuka Kampala, nikatia nyanya na chumvi. Niliosha sahani ya bluu, nikajaza, nikaenda kugonga. Mama Tanabe alipokea kwa mikono miwili. Jikoni kwake na jikoni kwetu madirisha yalielekea ukumbi mmoja wa nje, basi nilipokuwa naosha sufuria nikamwona anaonja. Akasimama. Akaweka kijiko chini. Akatazama upande wetu, kwa muda, na uso wake ulikuwa na huruma kubwa kiasi kwamba nilirudi nyuma ya pazia. Kisha, mbele ya macho yangu, akachukua kopo, akanyunyizia sukari. Nikamwambia Akello jioni: ugonjwa umefika mbali kuliko nilivyodhani.

Kesho yake sahani ilirudi, na safari hii aliongeza kunielekeza. Alinyoosha kidole kwenye maharage yaliyokuwa katikati ya chapati mbili ndogo nene zilizofanana na kabalagala zetu za ndizi, akajigusa shavu, akafumba macho kwa utamu, akanitazama kama mwalimu wa darasa la kwanza. Nikauma. Sukari. Nikatikisa kichwa polepole kwa heshima, nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho nilichokuwa nacho, "Mama, pole, nitakusaidia." Basi ndivyo tulivyoanza. Sahani ile ilikuwa haikauki. Mimi sikuweza kuirudisha tupu, mama yangu angefufuka. Na yeye, kama nilivyokuja kufahamu, kwa desturi za kwao hakuweza kupokea kitu bila kurudisha kitu. Mimi nilizidisha chumvi ili asikie. Yeye alizidisha sukari ili nisikie. Siku moja aliniletea samaki. Mkate wa umbo la samaki, ana magamba, ana jicho, ana mkia, katoka moto kwenye chuma chake cha kuokea. Nikasema leo Mungu amenikumbuka. Nikauma kichwa, maharage, sukari. Kiangazi kilipofika akaleta barafu, na ndani ya barafu kulikuwa na maharage. Nilikuwa nafungua vile vitu, natoa maharage, nayaosha kwa maji ya bomba kwenye chujio, nayarudisha sufuriani na kitunguu, na dirishani kwake namwona Mama Tanabe amesimama ameshika kiuno, ananitazama ninavyoosha, anatikisa kichwa. Nilimpungia mkono. Naye akanipungia.

Mtaniuliza kwa nini sikumuuliza mtu. Ningemuuliza nani? Dukani nilikwenda kwa yule mzee wa nafaka tu, na vitafunwa vyao nilivipita mbali kwa sababu sikuweza kusoma kilichomo. Na mimi nilikuwa najua, ndiyo shida. Mtu anayejua haulizi. Halafu, nikiwa mkweli, kazi ilikuwa imenipendeza. Asubuhi nilikuwa na la kufanya. Nilianza kujaribu: maharage na siagi ya karanga ya shangazi, maharage na maboga, maharage na pilipili ndogo, hizo Mama Tanabe alizila akakohoa mpaka nikavuka kumpelekea maji, na nikaona picha ya marehemu mumewe ukutani, bwana mnene mwenye kofia ya reli, na mbele ya picha, kwenye kisahani, kijiko kimoja cha maharage yangu. Nilimsimulia Akello hilo wakati wa chakula. Nilikuwa namsimulia mengi siku hizo: Mama Tanabe kafanya hivi, nimemjibu hivi, kesho ataniona. Alicheka mpaka anashika meza. Aliniita Afande. "Sasa Afande, kesho ni vita gani?" Kimya cha mezani kilikuwa kimekwisha na hata sikuona kilikwenda lini. Nilikuwa bado nimeamua turudi, msinielewe vibaya. Bosi alipiga simu kukumbusha kwamba meza yangu ipo, nikamwambia nakuja. Niligeuka nikamwona Akello anafunga daftari zake taratibu, moja juu ya nyingine.

Mwisho wa mwaka, siku ya Jumapili yenye jua na baridi ya kukata masikio, Mama Tanabe alikuja kutuchukua. Kwenye uwanja mdogo nyuma ya majengo watu wa mtaa walikuwa wameweka kinu kikubwa cha mti, mvuke unapanda, na wanaume wanapokezana kutwanga mchele kwa nyundo ya mti ndefu kama jembe. Wanaume! Nilisimama kando. Kwetu kutwanga ni kazi ya wanawake, na nilishaona kwamba mwaka huu umenishusha vya kutosha. Lakini Mama Tanabe alinishika mkono, akanisukuma mbele, akanipa nyundo, na yeye mwenyewe akachuchumaa kando ya kinu. Kazi yake ilikuwa kugeuza ule mchele kwa mkono uliolowa maji, kila nyundo inapopanda. Maana yake mkono wa mama yule ulikuwa ndani ya kinu kila nilipokuwa najiandaa kupiga. Nilikataa. Akapiga ukingo wa kinu kwa kiganja: piga. Nikapiga kidogo, kama mtu anayebembeleza. Akapiga ukingo tena, kwa hasira: piga! Nikapiga. Mkono ukaingia, ukatoka. Nikapiga, ukaingia, ukatoka. Watu wakaanza kupiga makofi na kuitika, na baadaye kidogo sikuwa tena nautazama mkono wake, nilikuwa nautegemea. Sijawahi kuaminiwa hivyo na mtu yeyote, kabla wala baada, na nimekuwa katika biashara ya magari maisha yangu yote.

Mchele ulipokuwa laini wanawake waliukata vidonge, wakaketi kwenye meza ndefu kuvijaza. Wakafunua sufuria. Maharage. Nikasogea nikaonja kwa kidole, kwa mazoea ya mwaka mzima wa kumwonjea Mama Tanabe. Sukari. Nikaenda sufuria ya pili, ya mama mwingine kabisa. Sukari. Watoto walikuwa wanakula, midomo myekundu. Mzee wa nafaka, yule yule aliyeniuzia maharage mwaka mzima, alikuwa anakula. Polisi wa mtaa, na sare yake, anakula. Nilimgeukia Akello. "Wote?" nikamuuliza. "Hii watu wote imechanganya?" Akello alijaribu kujizuia. Nilimwona anauma mdomo, anatazama juu, halafu kikamtoka kicheko kile cha kambini, cha mtu aliyekibana tangu asubuhi, na Mama Tanabe, ambaye hakuhitaji kutafsiriwa, akaanza naye, wameshikana mabega, wanafuta machozi na aproni moja. Uwanja mzima ulikuwa unatutazama. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuna aliyekuwa amekosea ila mimi, na kwamba mke wangu alilijua hilo. Niliweka nyundo chini. Nikaenda nyumbani.

Nilikuwa na hasira, na chumba kile hakikuwa na nafasi ya hasira. Huwezi kutembea huku na huko mahali ambapo hatua ya pili ni ukuta. Nikafungua kabati, nikafunga. Nikatoa sanduku, nikalirudisha. Mwisho nikajikuta nimesimama kwenye sinki, nimemimina maharage kwenye bakuli la maji, nayachambua mawe, kwa sababu saa hizo ndizo nilizozoea kuloweka ya kesho. Akello aliingia taratibu, akakaa kwenye mkeka bila kuvua koti. "Wewe ulijua tangu lini?" nikamuuliza bila kugeuka. "Tangu ile wiki ya kwanza. Kule labu saa ya chai wanakula hiyo tu." "Na mimi hapana kuniambia. Mwaka mzima mimi naosha sukari ya watu na maji!" "Ningekuambia ungeacha," akasema. "Wewe hujui. Jioni nikifika mlangoni, mimi naingia hapana. Nasimama kwanza nje, nasikiliza. Nikisikia unaimba na sufuria, naingia nikiwa na furaha. Kabla ya ile maharage, hukuwa unaimba. Ulikuwa unavuta pumzi tu, na mimi nangoja useme turudi." Nikaendelea kuchambua. "Na yule mama? Yeye alidhani sisi wagonjwa?" "Mwanzo alidhani mimi sijui kupika, na akakuhurumia. Binti yake akamweleza kiangazi kwamba watu wengine wanakula na chumvi. Nikamwambia basi, mama, unaweza kuacha. Akakataa. Alisema tangu mzee wake afe, amepeleka sahani kwa majirani wengi, na wote wanarudisha na boksi ya duka. Wewe peke yako unarudisha kitu umekipika."

Akello hakungoja nigeuke. Akasema kitu kingine, kwa sauti ndogo, anatazama mikono yake. Profesa alikuwa amemwita siku mbili kabla na kumpa ile nafasi, rasmi, na kumtaka jibu. "Nilimwambia asante, lakini tunarudi. Mimi niliahidi wewe Entebbe. Sikutaka nikuombe, kwa sababu nikikuomba utakubali kwa huruma, na baadaye utanichukia." Alisema hivyo hivyo, bila kulia, kama mtu anayesoma vipimo vya udongo. Nilishika ukingo wa sinki. Mwaka mzima nilikuwa nimelibeba neno langu mfukoni, nikilipapasa kila bosi alipopiga simu, na kumbe mwenzangu alikuwa ameshalilipia yeye mwenyewe bila kunisumbua hata nilitamke. Nilimpenda saa ile kiasi cha kuogopa. Ndoa yetu kanisani ilikuwa nzuri, keki ilikuwa nzuri, lakini mimi nahesabu kwamba tulioana pale, kwenye mkeka, yeye na koti lake, mimi na mikono iliyolowa.

"Rudi kwa profesa," nikamwambia. "Mwambie umekosea." Aliinua uso. "Nimwambie nini?" "Mwambie tunabaki." "Kwa nini?" Akello ni mwanasayansi, lazima umpe sababu. Nilitafuta sababu kubwa, ya kiume, ya kusemeka baadaye kwa watu wa nyumbani, sikuipata. Nikatazama bakuli. "Nimeloweka maharage," nikasema. "Hii mpaka kesho haijaiva."

Aliinuka kama aliyeungua. Profesa wake hakujua Jumapili ni nini, alikuwa maabara siku zote, na Akello alitoka mlangoni mbio bila kutazama alichokanyagia. Nilitoka nyuma yake na kitambaa cha sufuria mkononi. Alikata katikati ya uwanja, akapita kinu, akapita polisi wa mtaa, akapita meza nzima ya wanawake wenye unga mikononi, na ndipo mimi na mtaa wote kwa pamoja tulipoona kwamba miguuni amevaa ndara za choo, zile za plastiki zenye picha ya bata, ambazo katika nchi ile hazivuki kizingiti cha choo hata kama nyumba inaungua. Hakuna aliyecheka. Mama Tanabe alisimama, akamsogezea watu njia kwa mkono. Na profesa, Akello aliniambia jioni ile, alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia aanze kesho, na muda wote hakutazama chini hata mara moja.